Waling'oa Steji Zote

Nilikuwa na miaka 14 wakati mashine ilikula mbao yangu ya kwanza. Ilikuwa imewekwa kwa kinyozi wa mtaa wetu, nyuma ya pazia, inawaka nyekundu na kijani kama disko matanga. Unaingiza sarafu ya shilingi 20, unabonyeza picha unayoamini itatoka, taa inazunguka, inazunguka, inaanza kuchoka, halafu inasimama. Kando ya picha yako. Kando tu! Na wewe, mtoto wa darasa la nane, unajiambia si umeona venye ilikuwa inakuja? Unaingiza nyingine.

Siku hiyo nilikuwa nimetumwa unga. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na kilichofuata mathe huwa anawasimulia wageni mpaka leo.

Kama ulikuwa Kenya miaka hiyo unazijua hizo mashine. Zilijaa kwa maduka, kwa vibanda, hata vijijini ambako stima ilikuwa imefika juzi. Mwaka wa 2017 na 2018 serikali ikawa inazikusanya na kuziharibu, wazazi wakashangilia. Mimi pia nilidhani tumeachana.

Miaka sita baadaye niko hosteli ya chuo, saa tisa usiku, wenzangu wamelala, na kidole gumba changu kinapanda. Kinapanda. Kinapanda. Video ya paka, video ya mhubiri, video ya mtu anapika pilau, video ya msichana analia, video ya jamaa anamcheka huyo msichana anayelia. Hakuna hata moja niliyokuwa natafuta. Nilikuwa na mtihani saa mbili asubuhi. Nikajiambia moja tu, halafu nalala. Na hapo nikasikia mwili ukikumbuka kitu. Huu mkono niliujua. Ulikuwa ule mkono wa kwa kinyozi.

Mtihanini nilifika zikiwa zimebaki dakika 40.

Sitaki kudanganya mtu. Sikuacha chuo kwa sababu ya simu peke yake. Karo ilikuwa inasumbua, na kozi sikuwahi kuipenda. Programu yenyewe siitaji jina, kwa sababu nilikuwa na zote za video fupi na nilikuwa nazizungukia kwa zamu usiku huohuo, nikichoka na hii nafungua ile. Lakini nikijaribu kukumbuka mwaka wangu wa mwisho chuoni, kuna masaa mengi sana ambayo siyaoni popote. Si kwamba nilicheza, si kwamba nililala. Hayapo tu.

Na sasa kichekesho: siku hizi mimi hutengeneza hizo video. Ndiyo kodi yangu, ndiyo chakula changu. Kwa hivyo unasoma historia ya ini iliyoandikwa na muuza pombe. Jipange.

Nilianza kusoma haya mambo kwa sababu nilichoka na majibu mawili. Jibu la kwanza ni la watu wazima: vijana wa siku hizi hamna nidhamu. Jibu la pili ni letu wenyewe: ah, ni dopamini. Mtu anasema dopamini kama anayesema sukari, halafu anarudi kuskroli. Nilitaka kujua nani hasa alitengeneza hii kitu, lini, na akifikiria nini. Na nilichopata si shetani mmoja ameketi ofisini. Nilipata mlolongo wa watu, wengine hata wazuri, na kila mmoja amefanya kitu kidogo kilekile: ameng'oa steji.

Nieleze. Ukipanda matatu kutoka mjini, gari inasimama kila steji na konda anauliza nani anashuka. Hata kama hushuki, umeulizwa. Akili imeamka sekunde moja: niko wapi, nashukia wapi? Sasa wazia mtu anazing'oa steji moja moja. Hakufungii mlango, hakulazimishi kukaa. Hakuulizi tu. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kukupa.

Inaanza na umaskini wa chakula cha panya, na hii ndiyo sehemu naipenda kuliko zote.

Miaka ya 1930 kulikuwa na mwanasaikolojia kijana Mmarekani, B.F. Skinner, aliyekuwa anafunza panya ndani ya kisanduku. Panya akibonyeza kijiti, kidonge cha chakula kinaanguka. Vidonge hivyo Skinner alikuwa anavitengeneza mwenyewe kwa mkono, na kazi ilikuwa inachosha. Jumamosi moja alasiri akapiga hesabu, akaona kwa mwendo huo Jumatatu asubuhi vitakuwa vimeisha. Wewe na mimi tungefunga duka twende nyumbani. Yeye akaamua kubana matumizi: panya asilipwe kila anapobonyeza, alipwe mara mojamoja tu. Alidhani anaokoa vidonge. Lakini panya hawakuacha. Waliendelea kubonyeza vilevile.

Kwa miaka mingi iliyofuata, yeye na wenzake walijaribu kila aina ya ratiba ya malipo, baadaye kwa njiwa, na mwaka wa 1957 yeye na Charles Ferster wakatoa kitabu kikubwa kuhusu hizo ratiba peke yake. Ratiba moja ilizishinda nyingine kwa kumfanya njiwa afanye kazi kama kichaa: ile ambayo njiwa hajui malipo yatakuja baada ya kudonoa mara ngapi. Labda mara mbili, labda mia. Njiwa wa ratiba hiyo hapumziki, na hata ukikata malipo kabisa anaendelea kudonoa muda mrefu. Skinner mwenyewe aliona hii inafanana na nini. Aliandika wazi kwamba hivyo ndivyo kamari inavyofanya kazi.

Hapo kwa dopamini, nigusie kidogo kisha tuendelee. Miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz alikuwa anapima seli za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini, huku akiwapa maji ya matunda. Maji yakija bila kutarajiwa, seli zinawaka. Lakini nyani akishajua kwamba taa fulani ikiwaka maji yanafuata, seli zinawaka kwa ile taa. Maji yenyewe yakifika, kimya. Na yasipofika, zinashuka chini ya kawaida. Kwa hivyo hii si kemikali ya raha tu kama tunavyoiimba. Inashughulika sana na kubahatisha, na ile "huenda". Ndiyo maana unaweza kuskroli masaa mawili na ukiulizwa kama ulifurahia, unafikiria kwanza.

Kamari ilikuwa imelijua hili kabla ya panya. Charles Fey, fundi mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa San Francisco mwishoni mwa miaka ya 1890 akiunda mashine aliyoiita Liberty Bell. Magurudumu matatu, mkono wa chuma wa kuvuta, sarafu ya senti tano. Ile ya kwa kinyozi ni mjukuu wake. Lakini mashine ya Fey ilikuwa na steji nyingi. Unatafuta sarafu mfukoni, unaingiza, unavuta mkono, unangoja chuma kisimame. Mkono unachoka, mfuko unaisha.

Zikaanza kung'olewa. Mkono wa chuma ukawa kitufe. Sarafu ikawa noti, noti ikawa kadi. Mwaka wa 1984 mvumbuzi mmoja kutoka Norway, Inge Telnaes, alipata hataza Marekani ya mashine ambayo magurudumu hayaamui chochote. Kompyuta inachagua nambari, na magurudumu yanaonyesha tu kile kilichokwisha amuliwa. Na kwa kuwa sasa ni hesabu tu, unaweza kupanga ile picha ya ushindi isimame kando ya mstari mara nyingi kuliko ambavyo chuma halisi kingeweza. Nilipoisoma hiyo nilinyamaza kidogo. "Kando tu" yangu ya darasa la nane! Kwa mashine ya kompyuta hakuna kukosa kidogo. Umekosa. Hiyo picha iliyosimama karibu ni pambo.

Halafu kuna mwanaanthropolojia, Natasha Dow Schüll, aliyetumia miaka mingi Las Vegas akiongea na wachezaji sugu na hata na wanaounda mashine. Kitabu chake kilitoka 2012.  Wachezaji wakamwambia hawachezi ili washinde. Wanacheza ili waendelee kucheza. Wanapenda pale mahali ambapo saa, madeni na hata mwili wako vinapotea na unabaki wewe na skrini. Wengine walisema wakishinda wanakasirika, kwa sababu kushinda kunawakatiza.

Soma hiyo tena halafu ufikirie ile siku ulipata video nzuri kweli, ya maana kabisa, na kidole kikaipita kabla haijaisha.

Sasa turudi nyumbani kidogo. Mathe hupenda kusema televisheni ya zamani ilikuwa inalala. Enzi ya KBC peke yake, matangazo yalikuwa yanaisha usiku, wimbo wa taifa unapigwa, halafu skrini inabaki mchanga. Vitimbi ikiisha imeisha, ungoje wiki ijayo. Nilipokuwa mdogo niliona hiyo ni shida na kunyimwa. Sasa naona kitu kingine: kuna mtu alikuwa anawaambia watu waende wakalale, hata kama yeye alikuwa anaokoa umeme tu. Gazeti pia lina ukurasa wa mwisho. Kitabu kinaisha. Hata intaneti ya mwanzo ilikuwa na mwisho: unafika chini ya ukurasa, kuna kitufe cha ukurasa wa pili, unaamua kama unabonyeza.

Kitufe hicho kilitolewa mwaka wa 2006 na kijana wa Marekani anayeitwa Aza Raskin. Au tuseme yeye ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa ule ukurasa usioisha, ambao ukikaribia chini unajiongezea wenyewe. Ukimsikiliza, nia yake ilikuwa safi: mtu ameshaonyesha kwa kushuka kwamba anataka zaidi, mbona umsumbue na kitufe? Ni wazo la fundi mzuri. Baadaye alijuta hadharani, akawa miongoni mwa watu wanaozunguka dunia wakipinga hizi programu.

Miaka mitatu baadaye, 2009, Loren Brichter alikuwa ametengeneza programu ya kusomea Twitter iliyoitwa Tweetie, na ndani yake akaweka kitu kipya: unavuta skrini chini kwa kidole, unaachilia, inajipakia upya. Alihitaji tu mahali pa kuficha kitufe. Mwaka uliofuata Twitter ikainunua. Brichter naye amesema anajuta. Angalia huo mwendo wa mkono: vuta, achilia, ngoja, labda kuna kitu. Mkono wa chuma wa Charles Fey ulikuwa umerudi, safari hii umetengenezwa kwa kioo na uko kwa mfuko wa kila mtu. Hakuna aliyekusudia kuurudisha.

Lakini bado kulikuwa na steji moja kubwa: kuchagua. Facebook, Twitter, Instagram za wakati huo, wewe ndiye uliamua utamfuata nani. Ukimaliza ya marafiki zako, umemaliza. Vine, iliyofunguliwa Januari 2013 na video zake za sekunde sita zinazojirudia, ilikuwa na ufupi wote unaoutaka, na bado ilikufa. Oktoba 2016 wenyewe walitangaza wanaifunga. Kwa hivyo ufupi peke yake si dawa ya kulevya. Hapo ndipo wengi wetu hukosea tukilaumu "video fupi". Methali ni fupi. Kichekesho ni kifupi. Hakuna aliyekosa mtihani kwa sababu ya methali.

Kilichobadilika kilitoka Beijing. Zhang Yiming alianzisha ByteDance mwaka wa 2012, na kitu chao cha kwanza kikubwa hakikuwa cha kucheza densi. Kilikuwa Toutiao, programu ya habari. Huulizwi unapenda nini na humfuati mtu. Unasoma tu, na algoriti, yaani zile hesabu za kompyuta, zinaangalia ulisoma nini, ulikaa muda gani, uliruka nini, halafu zinakuchagulia kinachofuata. Septemba 2016 wakaweka akili hiyohiyo kwa video fupi, wakaiita Douyin. Ya nje ya China ikaitwa TikTok, 2017. Novemba mwaka huo wakanunua Musical.ly, ambayo watoto wa Marekani walikuwa wanaipenda kwa kuigiza nyimbo, na Agosti 2018 wakaziunganisha. Na nikudokezee: waanzilishi wa Musical.ly kwanza walijaribu programu ya masomo, ya video fupi za kufundisha. Haikupata watu. Mimi kama mtu aliyekosa mtihani nimeona hiyo nikacheka vibaya.

Kwa hivyo sasa unaifungua na video imeshaanza. Hujachagua, hujabonyeza, na imejaza skrini nzima, hata saa ya simu haionekani vizuri. Huipendi? Kidole kinapanda, nyingine. Na kila kidole chako ni jibu la swali ambalo hujui umeulizwa. Umekaa sekunde nane kwa huyu, mbili kwa yule. Njiwa wa Skinner alikuwa na ratiba moja kwa wote. Wewe una ratiba yako, imeshonwa kwa kipimo chako, na bado hujui nzuri itakuja baada ya ngapi.

Wengine hawakungoja. India ilipoipiga marufuku TikTok mwishoni mwa Juni 2020, Instagram ilitoa Reels Agosti, YouTube ikaanza kujaribu Shorts hukohuko India Septemba. Kwa hivyo ukisema utafuta programu moja, sawa, lakini jirani zake wameshajenga mlango uleule.

Huku kwetu kulikuwa na steji ambayo Wamarekani hawaijui: bando. Kama ulikuwa na simu Kenya kabla ya 2020 unajua. Unanunua bando la saa moja, la shilingi 20 hivi, tena mbao, unafungua kila kitu kwa haraka, halafu ujumbe unaingia: bando lako limekwisha. Tulilaani huo ujumbe. Tulisema ni wizi. Lakini ulikuwa konda wetu. Alikuwa anasimamisha gari kwa nguvu na kusema mwisho hapa, shukeni wote.

Halafu ikaja Machi 2020. Shule zikafungwa katikati ya mwezi, kafyu ikaanza tarehe 27, na mimi nilikuwa kidato cha tatu. Wengi wetu hatukurudi darasani mpaka Januari 2021. Miezi tisa na zaidi ndani ya nyumba ya chumba kimoja na nusu, na simu. Wakati huohuo mitaa ilikuwa inaanza kuvutiwa Wi-Fi za bei ya chini, waya zinaruka kutoka ploti hadi ploti kama nyuzi za kuanika nguo. Unalipa kwa mwezi, haiishi. Nakumbuka ploti yetu ilipounganishwa tulifanya sherehe ya soda. Hakuna aliyejua konda ameshuka.

Ndiyo maana sikushangaa nilipoona utafiti wa taasisi ya Reuters ya Oxford wa mwaka wa 2023: asilimia 54 ya Wakenya waliohojiwa mtandaoni walisema wanatumia TikTok, kiwango cha juu kabisa kati ya nchi zilizochunguzwa. Agosti mwaka huohuo ombi la kuipiga marufuku likafika Bungeni. Wabunge wakaongea sana kuhusu matusi na uchi. Sikusikia wakiongea sana kuhusu kidole gumba. Ungetoa kila tusi na kila tako, ubakishe mapishi na mahubiri tu, bado mimi ningekuwa macho saa tisa usiku.

Kuhusu kidole, kuna karatasi. Oktoba 2024 majimbo kadhaa ya Marekani yaliishtaki TikTok. Kwenye mashtaka ya Kentucky, sehemu za siri zilikuwa zimefunikwa wino mweusi, lakini vibaya, na waandishi wa redio wa huko wakagundua ukinakili maandishi yanasomeka. Kulingana na yaliyosomwa, kampuni ilikuwa imehesabu video ngapi mtu anahitaji kutazama kabla haijawa mazoea: 260. Kwa kuwa nyingine zina sekunde nane tu, majimbo yakasema hiyo ni chini ya dakika 35. Na kile kikomo cha dakika 60 kwa siku walichowatangazia walio chini ya miaka 18 mwaka wa 2023? Kwenye jaribio, kulingana na karatasi hizohizo, kilishusha matumizi kutoka kama dakika 108.5 hadi 107. Dakika moja na nusu. Kampuni ilijibu kwamba hayo ni maneno yaliyookotwa nje ya muktadha, mengine ya zamani, na kwamba wana ulinzi wa kutosha kwa vijana. Nimekupa pande zote mbili, chagua. Mimi nilichokwama nacho ni ile 260. Nilidhani nilipotea kwa miaka, kumbe pengine nilipotea kabla ya chapo kuiva.

Kuna watu watakwambia China inawalinda wa kwake na kututumia sisi sumu. Ni kweli kwamba tangu Septemba 2021 Douyin imewawekea walio chini ya miaka 14 kikomo cha dakika 40 kwa siku, na usiku inafungwa. Lakini mimi nasoma hapo kitu tofauti: kumbe steji inaweza kurudishwa. Fundi akiambiwa airudishe, anajua ilikuwa wapi.

Sasa, kama ningeishia hapo ingekuwa rahisi, na ningekuwa muongo. Kwa sababu ya Juni 2024.

Mswada wa Fedha ulipokuja, hakuna mwalimu aliyetufundisha ulisema nini. Tulifundishana hukohuko. Watu walikuwa wanaisoma ile karatasi kifungu kwa kifungu, kodi ya mkate, kodi ya gari, wanaitafsiri kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Kikamba, kwa Kijaluo, kwa sekunde sitini. Nilijua vifungu vya Katiba ambavyo sikuvijua nikiwa shuleni. Binamu yangu ambaye hajawahi kusoma gazeti alikuwa ananieleza kifungu cha 37, haki ya kuandamana. Tarehe 25 Juni tulikuwa mjini, na kuna waliokuja na hawakurudi nyumbani. Siku iliyofuata Rais akakataa kutia sahihi. Ile mashine niliyoielezea kutoka panya hadi hapa ndiyo iliyotuleta pamoja. Algoriti haikutupenda. Iliona tu kwamba hasira yetu inakaliwa, hatuipiti, ikatupa zaidi.

Na usiku wa tarehe 25, nikiwa na moshi bado kooni, niliketi kitandani nikafungua simu nione waliopatikana na wasiopatikana. Video ya kijana amelala chini na bendera. Kidole kikapanda. Video ya mtu anapika pilau.

Sijui kama nimewahi kujichukia kama sekunde hiyo. Kidole hakikungoja mimi.

Basi nikwambie kazi yangu inavyokaa, kwa sababu hii pia ni historia, ya wiki jana. Kila video ninayoposti napewa mchoro unaoonyesha watazamaji wameshukia sekunde gani. Mstari unaanza juu, unateremka. Kazi yangu ni kuuzuia usiteremke. Kwa hivyo nimejifunza kukata pumzi zangu, kwa sababu mtu akipumua watu wanaondoka. Nimejifunza kuanza na swali na kuficha jibu. Nimejifunza ule ujanja wa kufanya neno la mwisho liungane na neno la kwanza, ili video ikijirudia usijue imerudi, umetazama mara mbili na mimi nimehesabiwa mara mbili. Hakuna aliyenifundisha. Mchoro ulinifundisha, pole pole, kwa kunilipa siku moja na kuninyima siku nyingine. Unaona huyo njiwa ni nani?

Wiki jana niliposti video ya dakika mbili kuhusu vidonge vya Skinner. Mwishoni sikuunganisha. Niliacha sekunde nne za skrini nyeusi, kimya, na maandishi madogo: "Imeisha." Mshikaji wangu ambaye pia anafanya kontenti aliniambia nimeichoma mwenyewe, na kweli nimeiangalia: imefanya vibaya kuliko video zangu zote za mwezi huu. Nilifungua mchoro. Mstari umetulia vizuri mpaka kwenye ile nyeusi, halafu unaanguka kama ukuta. Karibu wote walishukia hapo.

Mathe ndiye aliyetoa maoni ya kwanza. Aliandika: "Sasa lala."